Kabla hujafungua kliniki ya meno Nakuru: wakili, bima na faili

Kila mwaka naona daktari kijana akikodi vyumba karibu na Kenyatta Avenue, anachukua kiti cha meno kwa mkopo, anapaka ukuta rangi, anatundika bango. Wakili anakuja kutafutwa siku barua ya madai inapofika, na kufikia siku hiyo mengi yameshaharibika. Nimesimamia mapokezi na ofisi za kliniki za meno hapa Nakuru kwa miaka mingi. Haya ninayoandika yafanywe kabla mgonjwa wa kwanza hajaketi. Daktari wa tiba ya kawaida naye asome, kwani karibu yote yanamhusu.

Leseni kwanza. Leseni yako ya kila mwaka na leseni ya kituo ni vitu viwili, na vyote vinatoka kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Mashine ya eksirei, hata ile ndogo ya ukutani, inataka leseni ya KNRA, mamlaka inayosimamia mionzi. Sindano na pamba zenye damu haziendi na gari la taka la mtaa, andikiana na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Kibali cha biashara ni cha kaunti. Zifanye, tuendelee.

Mkataba wa jengo usiutie sahihi kwenye gari la landilodi. Kliniki ya meno haihami kama duka la nguo: mabomba ya maji na ya kufyonza mate yamepita chini ya sakafu, na kompresa ina kibanda chake nyuma. Sheria ya wapangaji wa biashara, Sura 301, inamlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi au mwenye mkataba usiozidi miaka 5, na mizozo yake inasikizwa na jopo la kodi za majengo ya biashara. Ndiyo sababu landilodi wengi wanakuletea mkataba wa miaka 5 na miezi 3. Ile miezi 3 imewekwa makusudi ili utoke nje ya ulinzi huo. Kuukubali si dhambi, bora wakili wako ausome na aandike kipengele cha kuongeza muda, cha kodi kupanda kwa kiasi gani, na cha nani anabaki na vifaa vilivyofungwa sakafuni ukihama.

Wakili mwenyewe: yule aliyekusaidia kununua ploti Njoro anaweza kuwa mtu mwema na bado hajawahi kusimama mbele ya kamati ya nidhamu ya Baraza. Muulize moja kwa moja. Kisha tafuta jina lake kwa Chama cha Mawakili, LSK, uhakikishe ana cheti cha kufanya kazi mwaka huu. Mkubaliane ada kwa maandishi, na mkubaliane nani anashika simu Ijumaa usiku.

Bima ya kitaaluma, ile inayokukinga mgonjwa akikudai kwa uzembe, wengi wanainunua kwa kuangalia bei tu. Uliza maswali haya, na majibu uyapate kwa maandishi. Je, inafuata tarehe ya tiba au tarehe ya dai? Nyingi zinafuata tarehe ya dai, maana yake ukiacha kulipa leo, jino ulilolitibu mwaka jana halina kinga dai likija kesho. Anayefunga kliniki au kuhamia Kisumu anahitaji kinga ya kumfuata nyuma, yaani ya madai yatakayokuja baadaye kwa tiba alizofanya zamani. Je, inalipia wakili mbele ya Baraza, au mahakamani tu? Hizi ni njia mbili tofauti: Baraza linaangalia leseni yako, mahakama inaangalia fidia, na mgonjwa mmoja anaweza kupitia zote mbili. Je, inamgusa msaidizi wako na daktari wa zamu? Dai la uzembe lina miaka 3 kisheria, lakini mahakama inaweza kumfungulia mlango aliyechelewa kujua mambo ya msingi, kwa hivyo usihesabu siku ukadhani umepona.

Sasa faili. Hapa usome polepole.

Nakuru tunajulikana kwa meno ya kahawia. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi huku vinapita hapo. Basi watu wazima wenye madoa tangu utotoni wanakuja kutaka meno meupe. Hawa hawaumwi. Mtu ambaye haumwi akianza kuumwa baada ya mkono wako, atauliza nani kamuumiza, na ana haki ya kuuliza.

Katika kliniki moja niliyofanyia kazi zamani alikuja mama aliyekuwa akijiandaa kwa harusi ya bintiye. Meno sita ya mbele yakasagwa kidogo, yakabandikwa vinia, vile vigamba vyembamba vyeupe vya kufunika jino. Baadaye jino moja likaanza kumpwita usiku, likaishia kutibiwa mzizi kwa daktari mwingine. Daktari wetu alikuwa na mkono mzuri, na alimweleza kwamba jino likisagwa neva inaweza kudhurika. Nilimsikia kwa masikio yangu, mlango ulikuwa wazi. Kwenye kadi akaandika mistari miwili: namba za meno, na "vinia, amefurahi".

Yule mama akarudi kuomba nakala ya kadi yake. Nikamtolea fotokopi, nikaigonga muhuri wenye tarehe. Miezi ikapita, ikaja barua ya wakili wake. Jioni ile daktari aliitisha kadi, akabaki nayo ofisini. Asubuhi ilikuwa na mstari wa tatu, umebanwa juu ya sahihi: "Ameelezwa hatari ya neva, amekubali." Wino ule ule wa bluu, ila herufi zimesongamana kwa kukosa nafasi. Maneno yalikuwa ya kweli, tarehe ndiyo ilikuwa ya uongo.

Kadi ikaenda kwa wakili wa bima. Upande wa pili wakatoa fotokopi yenye muhuri wangu. Wakili akazilaza zote mbili mezani, akamwambia daktari waziwazi kwamba hawezi kumpandisha kizimbani na kadi ile. Kama jino lilisagwa vizuri au vibaya, hakuna aliyeuliza tena. Ushahidi wangu wa kusikia ukawa hauna maana, maana nani angemwamini karani wa kliniki iliyochezea rekodi? Kampuni ya bima ikasema masharti yamevunjwa, ikajitoa. Daktari akamlipa mama kutoka mfukoni mwake, akauza gari, na kwenye lalamiko la Baraza likaongezwa la kubadilisha rekodi, ambalo lilimsumbua kuliko jino lenyewe. Nilimwona mtu hodari akizeeka mwaka huo, kwa ajili ya mstari mmoja ambao angeuandika siku ya tiba kwa nusu dakika.

Kwa hivyo kadi iandikwe kabla mgonjwa hajatoka mlangoni: umemweleza nini, njia nyingine ni zipi, gharama, hatari, ameuliza nini, umemjibu nini. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe hayo, na kwa lugha anayoielewa inapowezekana, kwa hivyo fomu ya idhini iwepo ya Kiswahili, isomwe, isitupiwe mtu mapokezi pamoja na kalamu. Ukikumbuka kitu baadaye, kiandike chini ya yote, tarehe na saa ya leo, useme wazi ni nyongeza. Barua ikifika, mtu asiye daktari achukue faili, atoe nakala ya kila ukurasa, faili lenyewe lifungiwe. Simu ya kwanza bima, ya pili wakili. Usimrudishie mgonjwa pesa kwa M-Pesa na ujumbe wa "pole mama, ni makosa yetu". Ujumbe huo utachapishwa na kuwekwa kwenye jalada, na bima nyingi zinakukataza kukiri kosa bila wao kujua. Kumpa mtu pole ni utu, na wakili mzuri atakuonyesha namna ya kumpa bila kujifunga.

Mkifungua wawili, andikeni. Nawajua madaktari wawili wa Kisumu, marafiki tangu chuoni, walioachana vibaya kwa sababu laini ya kliniki na namba ya Lipa na M-Pesa zilikuwa kwa jina la mmoja. Aliyeondoka aliondoka na wagonjwa wote simuni.

Picha za kabla na baada ya tiba zisiende Facebook bila idhini ya maandishi ya kila mgonjwa. Taarifa za afya ni nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kliniki inatakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Data hata ikiwa na kiti kimoja. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Na mengine. Usimwazime mtu leseni yako, hata binamu. Madai ya malipo yanayokwenda SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, na yanayobeba jina lako yasome mwenyewe kabla hayajatumwa. Wafanyakazi wawe na mikataba, na usimfukuze mtu kwa hasira, maana lazima asikizwe kwanza. Mgonjwa wa dharura usimgeuze mlangoni kwa sababu ya pesa, Katiba inakataza. Sahihi yako usiiache kwenye karatasi tupu. Ukiwa hujui, piga simu kabla, na wakili akikujibu "tutaona tukifika huko", tafuta mwingine.