Kujitolea katika shamba la kilimo hai ng'ambo: shughulikia viza kabla ya tiketi

Wanachama wenzangu, hamjambo. Tangu nirudi kutoka kujitolea shambani Masaka, Uganda, kila ninakopita hapa Kisumu, sokoni Kibuye na hata ndani ya matatu ya Luanda, nasimamishwa niulizwe, "Nami nitaendaje?" Nimeona niandike yote mahali pamoja.

Tuelewane kwanza. Kujitolea shambani si ajira. Unafanya kazi saa 4 hadi 6 kwa siku, mwenyeji anakupa chakula na malazi, na unajifunza kwake. Mpango unaojulikana zaidi ni WWOOF, mtandao unaowakutanisha wanaojitolea na mashamba ya kilimo hai, ulioanzishwa Uingereza mwaka 1971 na Sue Coppard, karani wa London aliyetaka watu wa mjini wapate kwenda mashambani wikendi. Unalipa ada ya uanachama ya nchi unayoitaka, unapata orodha ya mashamba, halafu mnaandikiana wewe na mkulima. Hakuna wakala katikati. Anayekuahidi mshahara wa kujitolea na kukuhimiza utume pesa kwa M-Pesa leo leo ni tapeli, hata akiwa jirani yenu.

Hatua ya 1: Jua unaenda kujifunza nini
Mimi nilitaka mboji na migomba, kwa sababu shamba la mama pale Vihiga halifiki ekari moja na udongo wake umechoka. Hilo ndilo nililomwandikia mwenyeji. Ukiandika tu kwamba unapenda mazingira, barua yako itafanana na nyingine zote. Mwambie pia unachokijua, maana sisi watu wa magharibi ya Kenya hatuendi mikono mitupu. Wangapi kati yetu wamepanda desmodium, ule mmea wa malisho, katikati ya mahindi na nyasi za nepia kandokando, ile mbinu ya sukuma-vuta ambayo watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, wameifanyia kazi Mbita? Desmodium inawafukuza nondo wa funza wanaotoboa mabua, nepia inawavuta watage huko, na mizizi ya desmodium inaiangamiza kayongo, lile gugu la striga linalonyonya mahindi. Nilipomweleza mwenyeji wangu haya, tulikaa jikoni hadi usiku wa manane.

Hatua ya 2: Viza
Hapa ndipo wengi wanapoumia, nami niliumia. Mara ya kwanza niliomba viza ya nchi moja ya Ulaya kwa barua iliyosema nitafanya kazi shambani. Nilikataliwa na ada haikurudi. Mbele ya sheria za nchi nyingi, kulima ili upewe kitanda na chakula ni kazi, hata kama hushiki senti. New Zealand inahesabu hivyo. Uingereza inamruhusu mgeni wa viza ya matembezi kujitolea siku zisizozidi 30, tena kwa shirika la hisani lililosajiliwa. Shamba la kawaida la biashara halimo. Kwa hiyo uliza ubalozi kwa maandishi, utunze jibu, kabla hujalipia chochote.

Wapo watakaokushauri useme unaenda kutembea tu. Usikubali. Ukirudishwa uwanja wa ndege kwa uongo, kila fomu utakayojaza baadaye itakuuliza habari hiyo.

Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, ombi hupelekwa kati ya miezi 6 na siku 15 kabla ya safari. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi, na viza ya muda mfupi haipiti siku 90 katika kila siku 180.

Hatua ya 3: Karatasi
Pasipoti unaiomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ofisi ya uhamiaji ipo hapa Kisumu. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Kile cheti cha manjano ni cha maisha, usikipoteze.

Hatua ya 4: Muulize mwenyeji
Saa ngapi kwa siku? Siku ya kupumzika ni ipi? Nitalala chumba gani, na nani? Hospitali iko umbali gani? Mwenyeji mzuri hachukizwi na maswali haya.

Hatua ya 5: Nauli ya kurudi
Iwe mfukoni mwako tangu siku ya kwanza. Usiitegemee huruma ya mtu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Busia: Nina kitambulisho tu. Nitafika wapi?
Uganda na Rwanda, Mkenya anaingia kwa kitambulisho cha taifa. Ndivyo nilivyofika Masaka: basi kutoka Kisumu, mpaka wa Busia, Kampala, kisha mbele. Hiyo nayo ni ng'ambo, na migomba yao ina mengi ya kutufundisha.

Mwanachama, Nakuru: Sijasomea kilimo.
Si lazima. Lakini jaribu mwezi mmoja nyumbani kwanza. Wewe uko karibu na Molo, kulikojengwa chuo cha kilimo cha Baraka. Ulizia mafunzo yao.

Dada, Kakamega: Naogopa kwenda peke yangu.
Hofu yako ina msingi, dada. Chagua shamba ambalo wanawake wengine wameshakaa na wakaandika maoni yao. Omba kuzungumza na mwenyeji kwa video mkiwa mnaonana. Waachie nyumbani anwani kamili, na mkubaliane siku za kupiga simu. Usipotulia moyoni, ondoka, hudaiwi maelezo.

Mzee, Luanda: Kijana wangu ana shamba hapa limejaa magugu. Kwa nini akapalilie la watu?
Shikamoo mzee. Una haki ya kuuliza. Mwambie aanzishe lundo la mboji hapo nyumbani. Akiligeuza miezi mitatu bila kusukumwa, mruhusu. Na kabla hajapanda basi, mwonyeshe kipande atakachorudi kulima. Mama alinipa changu kando ya zizi, na kila jioni kule Masaka nilikuwa nikichora matuta yake kwenye daftari.