Paka wa jirani wakigeuza tuta la mchicha choo

Paka hutafuta mchanga mkavu na laini wa kufukua, na kichanga chetu cha Mtwara ndicho hicho hasa. Zoa kinyesi kwanza, kisha mwagia pale siki kikombe 1 kwa maji vikombe 2, maana harufu ya jana ndiyo inayowarudisha. Isiguse miche, itaungua. Laza wavu wa waya wa banda la kuku juu ya tuta, uufukie sentimita 2: kucha zikikwama, paka anahama, na mchicha unapenya kwenye matundu. Maganda ya machungwa husaidia, ila yakikauka hayana kazi. Ya korosho usithubutu! Mafuta yake huchubua ngozi, ya paka na ya watoto pia. Na vichwa vya samaki visilale nje.