Kabla hujalegeza distribyuta: maandalizi ya kuseti taimingi kwenye gari ya zamani

Kuseti taimingi kwenyewe, yaani kupanga ni wakati gani cheche iwashe mafuta ndani ya silinda, hakumalizi hata dakika kumi, unalegeza boliti, unageuza distribyuta (kile kinachogawa cheche kwenye plagi) kidogo, unakaza, basi. Kinachokula muda ni maandalizi, na hapo ndipo wengi tunaporuka. Gari ikikosa nguvu au ikimisi utasikia tu "hiyo ni taimingi" na distribyuta inashikwa ya kwanza, wakati ilitakiwa iguswe ya mwisho kabisa.

Nina Corolla DX, ile KE70 yenye injini ya 4K ya cc 1290, niliachiwa na baba mdogo. Mwaka wa kwanza fundi mmoja wa Arusha aliiseti kwa sikio, anageuza distribyuta huku mwenzake anakanyaga mafuta mpaka injini ikachangamka, na kweli nikatoka pale gari nyepesi, nimefurahi. Wiki hiyo hiyo tukashuka Tanga kwenye harusi, gari imejaa watu na mizigo. Mpaka Moshi safi. Tulivyopita Same joto likapanda, na kufika Mombo kila nikikanyaga nikiwa gia namba nne nasikia kule mbele kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo, mi nikajua ni valvu tu nikaendelea. Korogwe ikachemsha. Silinda hedi ilivyofunguliwa gasketi imekatika kati ya silinda ya pili na ya tatu. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, injini inavumilia cheche inayowahi, ukishuka chini kwenye hewa nzito na joto cheche ile ile inakuwa imewahi mno na injini inagonga. Toka siku hiyo siseti kwa sikio, na naomba na wewe usikubali gari yako isetiwe hivyo.

Kwa hiyo cha kwanza ni kuijua namba yako ya taimingi, yaani cheche ipige digrii ngapi. Angalia stika chini ya boneti au kitabu cha ufundi cha injini hiyo, nasema injini sio jina la gari, maana Corolla zinafanana bodi lakini ndani kuna injini tofauti. Gari nyingi za kabureta zinakaa kati ya digrii 5 na 10 kabla pistoni haijafika juu, gari ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Soma pia masharti yanayoenda na hiyo namba: sailensi iwe ngapi, paipu ya vakyumu (ile nyembamba inayotoka kwenye kabureta kwenda kwenye distribyuta) iwe imechomolewa na kuzibwa au iachwe. Namba bila masharti yake haina kazi, unaweza ukaseti digrii sahihi na gari ikatoka mbovu kuliko ilivyoingia.

Halafu tafuta alama ya taimingi kwenye puli, lile gurudumu la mkanda mbele ya injini, mchana kweupe, injini ikiwa imezimwa na baridi. Gari ya miaka arobaini hiyo puli imejaa grisi na vumbi mpaka huoni kitu, ifute na kitambaa chenye petroli kidogo, zungusha injini kwa mkono, ukikipata kile kijimchoro kipake rangi nyeupe, rangi ya kucha inafaa sana na haitoki. Ila usiiamini alama kabla hujaihakiki. Kuna puli zenye mpira katikati, mpira ukichoka duara la nje linateleza na alama inahama nalo, hapo utaseti taimingi ya uongo siku nzima. Toa plagi ya silinda namba moja, ingiza kijiti kirefu cha mbao taratibu, zungusha injini, kijiti kikifika juu kabisa alama ya sifuri nayo iwe mahali pake. Na kumbuka pistoni inafika juu mara mbili kwenye mzunguko mmoja wa distribyuta, unayoitaka ni ile ya kushindilia: weka kidole gumba kwenye tundu la plagi, ukisikia upepo unakisukuma ndio yenyewe.

Sasa kontakti, vile vipande viwili ndani ya distribyuta ambavyo vikiachana cheche inapiga, hapa naomba tusiharakishe. Kwa hizi Toyota za zamani uwazi wake ni milimita 0.45, unapimwa na fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia uwazi) pale ambapo kile kiguu cha plastiki cha kontakti kimepanda kwenye ncha ya kemu, ile shafti yenye pembe inayozifungua. Kile kiguu kinalika taratibu, kikilika uwazi unapungua na cheche inachelewa, yaani taimingi inahama yenyewe bila mtu kugusa distribyuta. Ndio maana uwazi unatangulia na taimingi inafuata, ukifanya kinyume, ukaseti taimingi leo halafu kesho ukabadilisha kontakti, ile kazi ya jana imepotea. Siku nyingine nilizifungua zangu nikakuta upande mmoja umetoboka kishimo na mwingine umeota kichuguu, fila geji inasema 0.45 lakini inapima juu ya kichuguu tu, uwazi halisi ni mkubwa zaidi. Za namna hiyo tupa weka mpya, na kondensa badilisha pamoja. Pakaza grisi kidogo sana kwenye kemu, kidogo kweli, maana ikirukia kwenye kontakti zitaungua.

Ukiwa hapo hapo shika rota, kile kinachozunguka chini ya kofia ya distribyuta, uipindishe na uiachie, inatakiwa irudi yenyewe kama ina springi. Isiporudi, vile vyuma vya chini, vinavyotanguliza cheche injini ikienda mbio, vimeganda. Itikise pia kushoto kulia, shafti ikiwa inacheza hakuna taimingi itakayotulia humo, mwanga wa taa ya taimingi (inayomulika kila cheche inapopiga) utakuonyesha alama inarukaruka na utafikiri taa ndio mbovu. Paipu ya vakyumu ichomoe kwenye kabureta uivute kwa mdomo, ile sahani ya ndani isogee na ibaki imesogea, isipobaki kiwambo kimepasuka. Kofia ya distribyuta igeuze utafute mstari mweusi mwembamba kama unywele, huo ni ufa unaopitisha moto. Plagi, waya zake, chujio la hewa, uwazi wa valvu, haya unayajua, yamalize tu kabla.

Wenye gari za EFI, yaani zinazopuliziwa mafuta na kompyuta badala ya kabureta, zenye distribyuta, kama Corolla za 5A-FE na 4A-FE, maandalizi yenu makubwa ni kijiwaya kimoja. Chini ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS, unaunganisha TE1 na E1, kompyuta inaacha kujirekebishia, ndio unaseti digrii 10. Bila huo waya unabishana na kompyuta. Ukimaliza usisahau kuuchomoa.

Siku ya kazi gari iwe nje, sio kwenye banda lililofungwa, moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksidi inayoua na haina harufu ya kukuonya. Frii, handibreki, jiwe kwenye tairi. Injini ipate moto kweli, choki iwe imefunguka yote, sailensi iwe kwenye namba yake, kwa sababu ikiwa juu vyuma vya distribyuta vinaanza kutanguliza cheche na unachosoma sicho. Kabureta isiwe inavuja hata tone. Na hili nalisema kwa uzito wote: mwanga wa taa ya taimingi unamulika sawasawa na injini, kwa hiyo puli inaonekana imesimama kabisa, na feni nayo inaweza kukuonekania imesimama, wakati inazunguka na inaweza kukata vidole. Mikono mirefu kunja, mkufu vua, mtandio usije karibu kabisa, na waya wa taa upitishe mbali na feni kabla hujawasha.

Kama huna taa, kiglopu cha volti 12 chenye waya mbili kinatosha kwa injini za kontakti: mmoja kwenye koili upande unaokwenda kwenye distribyuta, mwingine kwenye bodi, swichi on injini ikiwa imezimwa, kontakti zikiachana tu kinawaka, na hapo ndipo cheche inapopiga. Ila usiache swichi on muda mrefu, koili inaungua.

Kabla ya kulegeza ile boliti chora mstari mmoja unaopita kwenye distribyuta na kwenye bloku, ili ukipotea ujue pa kurudi. Legeza mpaka ikubali kugeuka kwa nguvu ya mkono, usiache inaelea. Kugeuza kinyume na rota inavyozunguka ndio kutanguliza cheche, kwa hiyo angalia kwanza rota yako inaenda upande gani. Na uwe umeshachagua mlima wa kujaribia, mimi hupakia watu watatu nikapanda na gia ndefu, vioo vyote chini, redio imezimwa, nisikilize kama inagonga.