Kuingia kwenye usanifu wa mifumo ya taasisi: anza na muamala mmoja

Ni nadra mtu kutoka chuoni na kuajiriwa moja kwa moja kuwa msanifu wa mifumo ya taasisi, yaani mtu anayepanga jinsi mifumo yote ya taasisi inavyofanya kazi pamoja. Kazi hii humwangukia mtu ambaye kwa miaka kadhaa ametengeneza au kuendesha mifumo, kisha watu wakaanza kumfuata na maswali ya nje ya idara yake: tukibadilisha mfumo wa ankara, nani mwingine ataumia? Uwe mwandishi wa programu, msimamizi wa hifadhidata au mtu wa mtandao, unaweza kuanza kuifanya leo bila kusubiri cheo.

Fuata muamala mmoja hadi mwisho

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kutaka kuchora taasisi nzima. Miezi sita inapita, mchoro haujaisha, na nusu yake imeshapitwa na wakati. Chagua muamala mmoja unaogusa pesa na mteja.

Chukua ankara ya maji nchini Tanzania. Msoma mita anaingiza usomaji, mfumo wa ankara unapiga hesabu, ombi linakwenda GePG, yaani mfumo wa serikali wa kukusanya malipo, na namba ya malipo inarudi. Mteja anaipata kwa ujumbe mfupi na kulipa kwa simu au benki. Taarifa ya malipo inarudi kupitia GePG hadi kwenye mfumo wa ankara, kisha inaingia kwenye uhasibu.

Ichore safari hiyo kwa mishale kutoka mfumo hadi mfumo, kisha kwa kila mshale andika mambo matano: nani anatuma, anatuma taarifa gani, kwa muundo gani, anasubiri jibu sekunde ngapi, na nani apigiwe simu mshale huo ukikatika saa nane usiku. Hilo la tano ndilo linalokosekana karibu kila mahali, na ukilijaza tu utakuwa umeshasaidia.

Sasa usogelee mshale wa taarifa ya malipo. Mfumo wa ankara umepokea taarifa na kuandika sh. 35,000, lakini jibu la "nimepokea" limepotea njiani kwa sababu laini imekatika. Aliyetuma hajui kilichotokea, hivyo anatuma tena. Kama mfumo wako haukagui namba ya risiti kabla ya kuandika, mteja ataonekana amelipa 70,000. Dawa yake ina sehemu tatu. Namba ya risiti iwe ya kipekee ndani ya hifadhidata yenyewe, si kwenye programu peke yake, maana jumbe mbili zikifika kwa pamoja programu inaweza kuzipitisha zote. Ujumbe uliorudiwa ujibiwe "nimepokea" bila kuandikwa tena. Ukiujibu kwa kosa, mwenzako ataendelea kuutuma. Halafu kila usiku linganisha orodha yako na ya aliyetuma, mstari kwa mstari, kwa sababu kuna malipo ambayo hayakukufikia kabisa.

Fanya na hesabu ya upatikanaji. Mfumo mmoja unaopatikana kwa asilimia 99.5 ya muda hulala kwa karibu siku 2 kwa mwaka. Panga minne ya namna hiyo kwenye mnyororo mmoja, kila mmoja ukianguka kwa wakati wake: 0.995 × 0.995 × 0.995 × 0.995 ni takriban 0.98, yaani zaidi ya siku 7 za mteja kukwama. Ndiyo maana taarifa za malipo huwekwa kwenye foleni: mfumo wa ankara ukilala, ujumbe unasubiri badala ya kupotea.

Michoro na daftari

Archi ni programu ya bure inayotumia lugha ya michoro ya ArchiMate. Humo njano ni shughuli za taasisi, buluu ni programu, kijani ni seva na mitandao. Mchoro mmoja usizidi visanduku 15 hivi. Kila mshale uwe na kitenzi ("hutuma malipo", si mstari mtupu), na pembeni pawe na tarehe na jina la mwenye mchoro. Mhasibu mkuu usimpelekee mchoro wa seva. Ataitikia kwa kichwa kwa heshima na hutapata jibu lolote.

Sambamba na hapo, fungua daftari la mifumo yote, yaani faili la Excel lenye: jina, mmiliki, toleo, gharama ya leseni, mwisho wa mkataba, na mfumo unaounganishwa nao. Mmiliki asiwe idara ya TEHAMA. Mmiliki wa mfumo wa mishahara ni rasilimali watu. Mifumo 20 ikiunganishwa kila mmoja na mwenzake moja kwa moja ni viunganishi 190, na kila kimoja kinataka mtu wa kukitunza.

Kila uamuzi mkubwa uandikie ukurasa mmoja wenye namba: hali ilivyokuwa, tulichoamua, njia tulizokataa na kwa nini, na maumivu tuliyokubali kuyabeba. Uamuzi ukibadilika usifute ukurasa wa zamani. Andika mpya unaoutaja. Njia zilizokataliwa ndizo zenye thamani zaidi, kwani baada ya miaka miwili kuna mtu atazipendekeza upya.

Vyeti na sheria

Cheti kinachotajwa zaidi ni cha TOGAF, mwongozo wa hatua za usanifu huu unaotolewa na The Open Group, ambao toleo lake la 10 lilitoka 2022. Mtihani wa msingi una maswali 40 kwa dakika 60, na kufaulu ni asilimia 60. Ukiusoma kabla hujawahi kufuata muamala hata mmoja utakariri majina ya hatua basi. Ukiusoma baadaye utakupa msamiati wa mambo uliyokwisha kuyaona.

Soma pia sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, kwa sababu zinagusa mahali unapoweka taarifa za mteja na unayempa. Taasisi za umma Tanzania zina viwango vya Mamlaka ya Serikali Mtandao vya kufuata.

Unapoomba kazi

Peleka vitu vitatu: mchoro wa muamala mmoja, kurasa mbili za maamuzi, na ukurasa mmoja wa daftari la mifumo. Kabla ya kuvitoa ofisini omba ruhusa, halafu ondoa jina la mwajiri, anwani za IP, majina ya seva na matoleo ya programu. Mchoro wenye hayo yote ni ramani ya mwizi, na msaili mzoefu akiuona atajiuliza utafanya nini na michoro yake.