Kuchagua hita mpya ya gesi kwa nyumba ya familia kadhaa Lamu

Hita ya gesi inayohudumia familia tatu au nne katika nyumba moja ya Mji wa Kale inapochakaa, wenye nyumba wengi humwagiza fundi alete nyingine ya ukubwa uleule. Huko ni kununua kwa mazoea, na kwa gesi inayovushwa kwa boti kutoka Mokowe, mazoea hayo yana gharama. Kipimo cha haki hutoka kwenye maji yenyewe: yanaingia na joto gani, yanatakiwa yatoke na joto gani, na ni bafu ngapi zinazofunguliwa kwa wakati mmoja.

Pima maji ya tangi asubuhi. Tuseme yana nyuzi 27 na watu huoga kwa nyuzi 40. Tofauti ni nyuzi 13 tu. Bafu inayotoa lita 8 kwa dakika itahitaji takriban kilowati 7, na bafu tatu kwa pamoja kilowati 22. Hita nyingi hupimwa kwa kupandisha joto nyuzi 25, kwa hiyo iliyoandikwa lita 12 kwa dakika inaweza kutosheleza karibu lita 23 hapa kwetu. Ndiyo maana nasisitiza kuuliza pia uwezo wake wa chini kabisa, jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Hita isiyoshuka chini ya kilowati 9 itamchoma mtu anayeoga peke yake, au itazima na kuwaka mfululizo, hasa wakati wa kaskazi ambapo tangi la juu ya dari limekwisha kupashwa na jua.

Hita ya kawaida hutia katika maji takriban asilimia 80 ya joto la gesi. Ile yenye ufanisi wa juu hupoza moshi mpaka mvuke uliomo ugeuke maji, na hivyo huvuka asilimia 90. Kutoka 80 hadi 93 ni kuokoa karibu kilo 2 katika kila mtungi wa kilo 13. Faida hiyo hupatikana ikiwa maji yanayoingia kwenye hita hayazidi nyuzi 55 hivi; maji ya tangi hayana tatizo, lakini mfumo unaozungusha maji ya moto mabombani mchana kutwa huipunguza sana.

Maji yanayotokana na moshi huo yana asidi, nazo kuta zetu ni matumbawe na chokaa. Tone likidondokea pahala pamoja kila siku, plasta hulainika, huchururika kama unga, na hatimaye jiwe hubaki wazi. Bomba la kuyatoa liwe la plastiki, si la shaba wala la chuma, na lipitishwe katika chombo chenye vipande vya matumbawe, ambavyo huipunguza makali asidi na hubadilishwa vinapoliwa, kabla ya kuingia kwenye shimo la maji machafu, mbali na kisima.

Maji ya kisima yaliyopita kwenye mwamba wa chokaa huacha magamba ndani ya hita. Chagua yenye vali za kuisafishia bila kuifungua yote, na kama maji yana chumvi, usiyapitishe kabisa hata kwenye chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa chumvi hukitoboa.

Hakikisha kibao cha hita kinataja gesi ya mitungi. Hita ya kilowati 22 ikiwaka kikamilifu hutumia karibu kilo 2 kwa saa. Mtungi mmoja wa kilo 13 hupoa na kushindwa kutoa gesi ya kutosha, hivyo unganisha kadhaa au tumia ya kilo 50. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo mitungi isikae katika chumba cha chini kisicho na upenyo. Bomba la moshi litoke nje moja kwa moja, mbali na madirisha, na lisikaribie paa la makuti.

Mwisho, pima kimo cha tangi. Kila mita moja hutoa shinikizo la bar 0.1 tu, na hita isiyopata shinikizo lililotajwa kwenye kibao chake haiwaki. Kwa ghorofa ya juu, ingiza bei ya pampu katika hesabu kabla ya kulipa.