Jaribu magauni 12 kabla ya kushona 200

Gauni la shati la kitenge linafaa sana kujaribia wazo la mtindo, kwa sababu lina karibu kila kitu kinachoweza kukusumbua: kola, vifungo, mikono, maua makubwa, na kitambaa kinachobadilika kikifuliwa. Magauni 12 yanatosha. Ukishauzoea utaratibu huu, utautumia hata kwa koti au suruali.

Andika kwanza unachotaka kujua. "Je, watu watalipenda?" halisaidii, maana kusifia hakuna gharama. Andika hivi: wanawake wa ofisini watalipa shilingi 65,000 kwa gauni la shati lenye mifuko, linalofika chini ya goti? Hapo utaona pesa imetoka au haikutoka.

Sampuli ya marekani

Sampuli ya kwanza ishonwe kwa marekani (kitambaa cha pamba kisicho na maua), si kwa kitenge. Maua huficha makosa ya mkato, lakini kwenye marekani kila mkunjo unaonekana. Kwa mtu mwenye kifua cha sm 100, gauni liwe na sm 110, na acha sm 1.5 za mshono kila upande. Mvalishe mtu halisi, kisha mwambie aketi, ainame na anyanyue mikono.

Gauni zima likipanda anaponyanyua mikono, shimo la mkono limekatwa chini mno. Mafundi wengi hulishusha zaidi wakidhani wanampa nafasi, na tatizo linazidi. Lipandishe sm 1 au 2, kisha upanue mkono wenyewe kwapani. Upande wa mbele ukiachia uwazi kati ya vifungo akiketi, weka kifungo kimoja sawasawa na sehemu ya kifua iliyojaa zaidi, vingine uvipange juu na chini yake kwa nafasi ya kama sm 8. Marekebisho yote yachorwe kwa kalamu juu ya marekani, kisha yahamishiwe kwenye patani (kielelezo cha kukatia) ya karatasi ya kaki. Ukiyaacha kichwani mwa fundi, gauni la tano halitafanana na la kwanza.

Kitenge kabla ya mkasi

Chukua nyuzi chache uzichome. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini; polyester huyeyuka na kuacha punje ngumu. Muuzaji anaweza kukuambia ni pamba kwa nia njema kabisa, lakini choma tu.

Halafu chora mraba wa sm 50 kwa sm 50 kwa kalamu isiyofutika, fua kipande hicho kama mteja atakavyofua, kikaushe, kipige pasi, kisha pima tena pande zote mbili. Urefu ukibaki sm 48, kitambaa kimerudi kwa asilimia 4, yaani gauni lenye urefu wa sm 110 litapungua zaidi ya sm 4. Ama fua kitambaa chote kabla ya kukata, ama ongeza urefu kwenye patani. Kikiwa bado kibichi, kikandamize kwenye kitambaa cheupe uone kama rangi inatoka.

Angalia pia wanga unaokazia kitambaa. Kitenge kipya husimama chenyewe na sketi hujaa vizuri kwenye picha. Kikifuliwa mara mbili kinalala. Kama mtindo wako unategemea huo ujazo, shona sampuli ya pili kwa kitenge kilichokwisha kufuliwa.

Kwa upana wa kama sm 115, panga yadi 3.5 kwa gauni lenye maua makubwa yanayotakiwa kukutana katikati mbele. Magauni 12 ni yadi 42, sawa na pisi 7 za yadi 6. Zinunue siku moja: Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo, ua la leo wiki ijayo huenda lisiwepo, au lipo lakini nyekundu yake ni nyingine.

Kushona na hesabu

Mpe kazi fundi yuleyule atakayeshona mzigo mkubwa. Gawa saizi hivi: kifua sm 92 magauni 3, sm 100 magauni 5, sm 108 magauni 4. Usikate zaidi ya tabaka 4 kwa pamoja, kwa kuwa za juu huteleza. Saa ya kupima kazi ianze gauni la tatu au la nne. La kwanza fundi bado analisoma. Yakiisha, pima yote urefu, kifua na bega. Tofauti ikizidi sm 1 katika saizi moja, chunguza ukataji kabla ya kulaumu mshono.

Mfano wa gharama ya gauni moja: kitenge 21,000 (yadi kwa 6,000), ushonaji 15,000, uzi, vifungo na gundi ya kola (kitambaa cha kukazia kola) 4,000, lebo na mfuko 1,000. Jumla 41,000, mara 12 ni 492,000. Ongeza 50,000 za sampuli, unafika 542,000. Kwa bei ya 65,000, gauni la 9 ndilo linalorudisha mtaji, na hapo hujahesabu nauli.

Kuuza

Uza kwa bei kamili kwa wiki mbili. Shangazi na marafiki waweke kando. Watanunua kwa ajili yako. Andika kila aliyejaribu, saizi yake, na kwa nini aliacha. Wakilivaa wengi kisha wakalirudisha kwenye hanga, tazama mkato. Wakiuliza bei na kuondoka bila kulijaribu, tazama bei au ua. Saizi moja ikiisha mapema huku nyingine zimekaa, badilisha mgawo tu. Wanunuzi wapigie simu wakishalifua mara tatu, uulize kuhusu urefu, rangi na vifungo.

Ukitaka kurekebisha, badilisha kitu kimoja, ushone 12 nyingine. Na kabla ya kuagiza 200, rudi dukani uulize ua lile limebaki pisi ngapi. Likiwa limekwisha, piga picha mpya kwa ua utakaloshona, maana wateja huagiza kile walichokiona pichani.