Zaburi 119: mistari 8 kabla ya kushika simu

Kama unataka neno la Mungu likuongoze siku nzima badala ya kelele za siku, anza na Zaburi 119. Ina mistari 176 katika mafungu 22 ya mistari 8, fungu moja kwa kila herufi ya Kiebrania. Fungu moja kila asubuhi, siku 22 umemaliza.

Soma kwa sauti, polepole, kabla hujawasha data. Chagua mstari mmoja tu, uuandike kwa mkono kwenye kikaratasi, utie mfukoni. Usiuweke kwenye simu: utaifungua kuutafuta, ukutane na jumbe za WhatsApp, na mstari uusahau. Kikaratasi kitoe pale unaposubiri, teksi (basi dogo) ikingoja abiria 14 pale Old Taxi Park, Kampala, au kwenye foleni ya kutoa pesa. Rudia mara tatu, kisha jiulize utautii wapi leo hii: kwenye chenji uliyozidishiwa? Kwenye jibu kali ulilomwandalia jirani?

Wengi hukwama kwa sababu siku ya kwanza wanasoma zaburi nzima. Ukikosa siku, usifidie kwa mafungu mawili; endelea pale ulipoachia.